Kopo la Kakao na Punje Iliyosimama Hewani

Nakuru, 4 Mei 1959

Kwa shemeji yangu Khaemba,

Salamu nitakupa mwishoni nikikumbuka, maana leo kalamu inakimbia na mimi niko nyuma yake nahema. Khaemba, tumelitundika vumbi hewani! Punje moja tu, lakini imetundikika. Bila uzi, bila gundi, bila dawa ya mganga yeyote. Kwa stima!

Unamjua Miss Ormond, yule mama wa sayansi aliyeniajiri baada ya reli na mimi kuchokana. Unajua pia kwamba kazi yangu, ukimwuliza dada yako Nanyama, ni kupangusa meza na kusema "Yes, Miss." Basi Miss anataka kupima uzito wa punje moja ya lile vumbi jeupe la machimbo yenu huko Gilgil, ajue zipi zinaishia puani mwa mtu na zipi zinashuka hadi kifuani. Lakini utaipimaje punje usiyoweza kuishika? Ukiigusa, inakuganda. Ukiiweka mezani, imepotea milele. Dawa yake ni isimame peke yake katikati ya hewa, isiguse kitu.

Tumetengeneza kijisanduku chenye madirisha mawili yanayotazamana, na taa inamulika kutoka ubavuni. Ndani mna pete ya shaba, na kisahani juu yake, na kingine chini. Vumbi tunalipuliza kwa mpira kupitia kijibomba, na kule kusuguana njiani kunalipa chaji, kama vile kitana kikipita kwenye nywele kikaanza kuvuta vikaratasi. (Mimi nimeambiwa habari za kitana. Kwa kichwa changu hiki siku hizi sina pa kujaribia.) Kisha stima inageuka-geuka ndani ya ile pete, sasa inavuta, sasa inasukuma. Umewaona wanawake wakipeta wimbi kwa ungo? Punje ikitaka kudondokea upande huu, ungo umekwisha kuirusha upande ule. Basi ndivyo hivyo. Inataka kuanguka kila mara, na kila mara inakatazwa.

Nikaweka jicho kwenye darubini nikaiona, nyota moja katikati ya giza, imetulia. Nikapaza sauti, "Haleluya!" Pumzi yangu ikaingia kwa tundu la mpira, na nyota ikaenda zake. Miss aliniangalia tu kama mnavyoangalia ng'ombe aliyepiga teke ndoo.

Sasa sikiliza, hapa hapana mzaha. Mwezi wa saba wanakuja wageni watatu kutoka Nairobi, wale wanaoamua kazi gani iendelee na ipi ifungwe. Miss ameahidi kuwaonyesha punje iliyosimama, isimame mpaka kila mmoja aitazame na chai inyweke. Ikisimama, kazi inaendelea. Ikianguka, maabara inafungwa, Miss anarudi kwao, na nyumba hii tunayokaa, ambayo ni ya kazi, inafungwa pia. Nanyama anasema tutakuja kukaa kwako Gilgil. Nikamkumbusha nani anakaa kwako Gilgil. Mimi na mama yenu chini ya paa moja, na kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso! Nitalala kwenye tanuri la machimbo.

Kwa hiyo nisaidie. Nijazie vumbi jembamba kuliko yote kwenye hili kopo la kakao. Ndani yake nimeweka ugoro wa mheshimiwa mama yenu, maana kopo likisafiri tupu watu watasema sikulelewa. Umpe kwa adabu zote, na useme sijauliza habari zake, ila nimeziuliza.

Salamu, nimekumbuka.

Shemeji yako,
Hiram Masinde

*

Gilgil, 12 Mei 1959

Mulamwa Hiram,

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa uji na bado wanacheka. "Huyo mulamwa wako, yaani shemeji yako, analipwa kutundika vumbi? Hapa linajitundika lenyewe!" Ni kweli. Jioni tunatoka kazini weupe kama waliofufuka. Juzi mbwa wangu mwenyewe alinibwekea.

Vumbi hilo hapo, limetoka kwenye mifuko ya kinu karibu na tanuri. Nimelichekecha kwa kitambaa cha kichwa cha mke wangu, na kesi hiyo bado inasikilizwa.

Mama amepokea ugoro wako. Alinusa, akapiga chafya mbili, akasema, "Mtu huyo ana adabu." Kisha akaona nimejaza vumbi kwenye kopo. "Hiki ni kitu gani cha kumrudishia mkwe?" Nikamwambia ndicho ulichoomba. Akatikisa kichwa, akaninyang'anya kopo, akaenda nalo jikoni kulifunga vizuri kwa kitambaa. Huko nyuma nikamsikia akiuliza sufuria, "Kitu kisichoshikwa na mkono kinashikwa na nini?" Kaniambia nisikwambie ameuliza.

Wako,
Khaemba

*

Nakuru, 9 Juni 1959

Khaemba, Khaemba, Khaemba!

Uko umeketi? Keti.

Vumbi lako tumelipuliza kwa majuma. Punje nyeupe zinaingia, zinayumba kama watu waliotoka kilabuni, zinagonga ukuta, kwisha. Zina matundu matundu na ni nyepesi mno. Mtu akifikiria upepo tu zinakimbia. Miss alikuwa amekonda. Mimi, kama ujuavyo, huzuni hainikondeshi, ila nilikuwa natafuta tundu jipya la mkanda.

Halafu Ijumaa, kutoka kopo lilelile, imeingia punje ya rangi ya kahawia. Khaemba, ilisimama! Ilisimama kama askari mlangoni pa DC. Miss akazungusha kile kidude cha stima, ikapanda kidogo, akakirudisha, ikashuka. Tukaenda tukanywa chai, tukarudi, ipo. Nikapiga chafya (siku hizi napiga chafya sana humu), ipo! Miss Ormond alinishika mikono yote miwili akanizungusha kama harusini, na Nanyama akaingia kuleta chakula akatukuta hivyo. Mambo mengine nitakueleza tukionana.

Tukatafuta nyingine, tukazipata, chache chache ndani ya weupe. Miss anasema labda ni udongo wenu uliopita motoni mara mbili, kitu ambacho hakijaandikwa na mtu. Anaiita "punje ya Gilgil". Anaandika makala ya kuwapelekea wakubwa wa sayansi ng'ambo. Na mimi ametaka kujua jina langu linaandikwaje! Ameniita Hiram siku zote hizi, kumbe alikuwa anakisia.

Leta zaidi. Palepale ulipochota. Kopo hilo, na ugoro wa mheshimiwa kama kawaida.

Wako katika ushindi,
Hiram

*

Gilgil, 17 Juni 1959

Mulamwa mtundikaji,

Umetuharibia machimbo. Nilisoma barua yako hadharani, na sasa hakuna afanyaye kazi bila kuchungulia mchanga wake kama anatafuta sindano. Nyapara wetu, Kipketer, anatembea kama baba wa bwana harusi. Jana alinipigia kelele mbele ya watu wote, "Khaemba! Punje ya Gilgil ilitoka wapi?" Nikanyoosha kidole, basi, mahali popote. Akapazungushia kamba! Sasa hakuna ruhusa ya kupita hapo, na hapo ndipo palipokuwa njia yetu ya kwenda chooni.

Nimekuletea kopo, nimelijaza palepale kwenye mifuko ya kinu. Pia vifurushi vya karatasi kutoka kila pembe, tanurini, ukutani, juu ya paa, na kimoja kutoka kwenye nyusi za Kipketer, kwa hiari yake.

Mama anashukuru. Kopo amelifunga yeye tena. Anasema mimi nafunga vitu kama mtu anayekimbia deni.

Khaemba

*

Nakuru, 30 Juni 1959

Ndugu Khaemba,

Hapa pana kitendawili, tega sikio nikutegee.

Vifurushi vyote vya karatasi havina punje ya kahawia hata moja. Za Kipketer zilianguka kwa heshima, lakini zilianguka. Kopo likifunguliwa, zimo! Umesema umechota mahali palepale mara zote mbili, na kifurushi kimoja umeandika ni cha palepale pia. Sasa mbona kopo linazo na karatasi haina?

Miss amelichunguza kopo lenyewe. Akaingiza pua yake ndani, ile ndefu, akapiga chafya mpaka miwani ikaruka. Akasema, "Vumbi kali sana hili, Hiram." Nami nikajibu kwa fahari, "Ndilo vumbi la Gilgil, Miss!"

Wageni watakuja Alhamisi, tarehe 23 Julai. Miss atawasomea makala yake, na kesho yake anaipeleka posta iende ng'ambo. Kwa hiyo fikiri, shemeji. Unalifanyia nini kopo ambacho huifanyii karatasi? Eleza hatua kwa hatua, hata ukiona ni upuuzi. Mimi nimeajiriwa kwa ajili ya upuuzi.

Hiram

*

Gilgil, 3 Julai 1959

Dada Nanyama,

Barua hii isome peke yako, mumeo akiwa kazini.

Aliniuliza kopo nalifanyia nini. Nikakaa nikafikiri. Nachota vumbi, nalijaza kopo, nampa Mama alifunge. Basi nikaenda jikoni. Nikamwuliza, "Mama, ukilifunga lile kopo huweka kitu?" Akaniangalia kama niliyemwuliza kama hupumua.

"Sasa ulitaka nimrudishie mkwe wangu kopo tupu?"

"Si tupu, Mama. Lina vumbi."

"Vumbi ni kitu? Nyumba ikiwa na vumbi tu ndani, wewe utasema imejaa? Mtu ananiletea ugoro kila mwezi. Hatuwezi kuonana, hatuwezi kupeana mkono, hata jina lake silitaji. Nitamsalimu na nini? Naukaanga tena ule ugoro wake, nausaga na magadi mpaka unakuwa laini kama wangu mwenyewe, kisha nambandikia kidogo pembeni. Akifungua atajua nimepokea."

Dada, punje ya Gilgil ni ugoro! Yule mzungu anakwenda kuwaandikia wakubwa wa ng'ambo habari za ugoro wa Mama. Kipketer amezungushia kamba njia ya chooni kwa sababu ya ugoro wa Mama. Nikimwambia Hiram, namvunja moyo majuma matatu kabla ya wageni. Nisipomwambia, je, kama mmoja wa wageni anavuta ugoro? Nifanyeje? Mama hajui lolote. Anauliza tu kama mkwe alifurahi.

Mdogo wako,
Khaemba

*

Nakuru, 6 Julai 1959

Khaemba,

Nimesoma, nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza, kisha nimelia kidogo, na sijui ni kwa lipi.

Mwandikie leo. Usinitume mimi, mambo ya mama na mkwe hayapiti mdomoni mwangu, yanapita kwako. Hiram ataumia, lakini huyo mtu nimekaa naye, namjua. Akianguka hujichekea kabla hajafika chini. Kinachoweza kumwua ni yule Miss kuchekwa na wageni, na Hiram asimame pale na kitambaa chake cha kupangusia meza akijua ni kwa ajili yake.

Na ukimwandikia usimfanye Mama mkosaji. Andika alivyosema, maneno yake yenyewe.

Dada yako,
Nanyama

*

Nakuru, 11 Julai 1959

Khaemba, ndugu yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Ya tatu niliisoma nimeegemea ukuta. Ndiyo maana napiga chafya! Mwezi mzima nilidhani ni baridi ya Nakuru.

Niliona aibu, sikufichi. Makala ina jina langu, na jina langu tayari nilikuwa nimelitembeza hadi sokoni. Lakini kilichonikaa kooni ni neno la mheshimiwa: "Nitamsalimu na nini?" Miaka yote hii nimekuwa nikipeleka ugoro kama mtu anayelipa kodi, nikidhani unaingia kwenye shimo lisilo na jibu. Kumbe jibu lilikuja, nami nikalitia stima.

Nikaenda kwa Miss. Nikavua kofia. Nikasema, "Miss, punje ya Gilgil ni tumbaku ya mama mkwe wangu." Nikamweleza yote. Akachukua ile makala, akaitazama, akaichana katikati polepole, akaipanga vipande vyake mezani kama karata. Nikaona nyumba yetu inakwenda, nikaona nimelala tanurini kwenu.

Kisha akainua kichwa. "Anao zaidi?"

"Nini, Miss?"

"Ugoro, Hiram! Anao zaidi?"

Khaemba, yule mwanamke! Anasema wageni hawakuahidiwa punje mpya duniani, waliahidiwa punje iliyosimama. Ugoro unashika chaji vizuri na una uzito wa kutosha usipeperushwe na kila mtu anayepumua. Tukijifunza kwanza kuushika huo, tujue kidude kizungushwe hadi wapi, basi la kwenu jeupe nalo tutalipata. Na wageni wataambiwa wazi ni ugoro, asije mtu akacheka kwa nyuma. Afadhali wacheke kwa mbele.

Nikakimbilia sokoni kwa miguu hii unayoijua, nikanunua ugoro. Tukaupuliza. Uligandana mabonge mabonge, ukaanguka kama mvua ya mawe. Ni ule uliokaangwa tena na kusagwa na magadi tu unaosimama. Wetu umebaki pembeni mwa kopo, wa kukwangua kwa ukucha.

Kwa hiyo naomba, kupitia kwako, kwa magoti, kidogo zaidi. Usimwambie ni deni. Mwambie salamu zake zimefika, na kwamba zimesimama hewani watu wakanywa chai.

Hiram

*

Gilgil, 15 Julai 1959

Mulamwa,

Nilimweleza Mama. Mwanzoni alifikiri umelewa. Nilipomaliza aliangalia jiko, kisha akasema, "Basi ndicho kinachokishika. Chaji." Kama mtu aliyekumbuka jina la jirani wa zamani.

Hatautuma. Anasema kitu cha kusimama mbele ya wageni hakipelekwi kwa kopo la mtu mwingine, utapelekwa na mwenyewe. Atakuja kwa gari la moshi Jumatano, tarehe 22. Usishtuke! Atalala kwa mama mmoja wa kanisa lake huko Nakuru, ampe Nanyama ugoro mlangoni, arudi kesho yake, na macho yenu hayatakutana. Mimi siwezi kumsindikiza, Kipketer hanipi ruhusa. Nilimweleza kamba iondolewe. Amekataa. Anasema sayansi inaweza kubadili mawazo.

Khaemba

*

Nakuru, 24 Julai 1959

Kwa Khaemba, aliyekosa kuona,

Jumatano tulimsubiri mheshimiwa, hakufika. Nanyama alikwenda stesheni, akarudi peke yake. Alhamisi asubuhi hajafika. Saa nne wageni wakaingia na makoti yao na baridi yao yote. Miss akawaambia waziwazi, "Waheshimiwa, leo mtaona punje ya ugoro." Mmoja wao, mwenye miwani ya dhahabu, akamwangalia mwenzake namna ile. Unaijua namna ile.

Nikakwangua kopo. Nikapuliza. Punje moja ikaingia, ikasimama, yule wa miwani akainama kutazama, ikaanguka. "Ilikuwapo," Miss akasema. "Bila shaka," akajibu yule. Nikakwangua tena. Hakuna. Nikakwangua mpaka nikapata rangi ya kopo. Yule wa miwani akatoa saa mfukoni. Nikasema moyoni, Hiram, kajifunze kulala kwenye joto.

Basi nikasikia sauti ya Nanyama nje, anahema. "Hiram! Fungua!" Gari la moshi la jana lilimwacha mheshimiwa akiwa bado anasaga, alikataa kuondoka kabla haujawa laini. Amekuja na la leo. Mkono wa Nanyama ukapita mlangoni na kifuko cha kitambaa, bado kina joto la kifua cha mtu.

Nikapuliza. Khaemba, ziliingia kama kundi la nyota! Nikazungusha kidude, nikaziacha zijichuje, zikabaki tatu, zikabaki mbili, ikabaki moja. Ikasimama. Sikusema haleluya. Nilishika pumzi mpaka masikio yakavuma. Kidude chetu ni kizee, ukikiacha kinateleza, kwa hiyo lazima mtu akae pale, jicho kwenye darubini, mkono umekishika. Mtu huyo ni mimi. Wageni walichungulia dirisha la pili kwa lenzi ndogo.

Akachungulia wa kwanza, akapiga mluzi. Akachungulia wa pili. Wa miwani akachungulia, akavua miwani, akachungulia tena, akasema neno moja tu, nalo silijui, lakini lilikuwa fupi na la heshima. Chai ikaletwa. Ipo! Sukari ikakorogwa. Ipo!

Halafu Miss, kwa furaha zake, akauliza, "Mama mwenyewe yuko wapi?" Kabla Nanyama hajafungua mdomo, Miss akatoka nje, akamshika mheshimiwa mkono, akamwingiza ndani.

Nikasikia nyayo zikisimama mlangoni. Chumba hakina mlango wa nyuma. Kwa adabu zetu ilinipasa nitoke, hata kwa dirisha, tumbo likiruhusu. Nikitoka, kidude kinateleza, punje inaanguka na chai bado haijaisha. Nikikaa, nitamtia mheshimiwa aibu mbele ya wazungu. Jasho likanishuka mpaka kwenye shaba ya darubini. Nikamsikia Nanyama akisema kwa kilugha, taratibu, "Mama, hawezi kuachia. Akiachia, inaanguka."

Kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia karibu hivyo ikasema, "Basi asiachie."

Nikasikia shuka likivutwa juu ya kichwa. Nikasikia hatua zikizunguka meza kwa upande wa mbali. Mimi nilikuwa nimebandika jicho langu pale, na jingine nimelifumba kama mtoto anayejificha. Akainama kwenye dirisha la pili. Khaemba, najua alikuwa pale kwa sababu giza nyuma ya punje lilizidi kidogo. Yeye upande ule, mimi upande huu, na katikati yetu ile nyota moja ya kahawia, haimwangukii yeye wala mimi, kila ikitaka kuegemea inarudishwa kwa upole. Sikumwona, wala hakuniona. Wote tulikuwa tunatazama kitu kimoja.

Alikaa hapo muda mrefu. Mwishowe akasema, si kwangu, kwa punje, "Umefika salama."

Mimi nikazidi kukishika kidude. Adabu hainiruhusu kujibu.

Akatoka. Chai ikaisha. Baada ya hapo, kidude kikiwa mahali pake, tulijaribu vumbi lenu jeupe, na Khaemba, likasimama! Liliyumba kidogo, kwa ulevi wake, lakini likasimama, na Miss amepima punje ya kwanza ya Gilgil ya kweli. Mwambie Kipketer aondoe kamba, mwende chooni kwa amani. Kazi itaendelea. Nyumba tunayo. Nanyama ameimba tangu jana.

Sasa kopo. Kabla hatujapuliza vumbi lenu, Miss alinishikia kidude, nami nikaliosha. Nisamehe, ilikuwa ya lazima. Nikalikausha juani, nikalipangusa mpaka likang'aa. Halafu nikafungua kisahani cha chini, nikakinga kopo, nikapunguza stima taratibu, taratibu, nikaiteremsha ile punje yenyewe, iliyosimama chai nzima. Imo ndani. Imefungwa.

Mpe mheshimiwa. Mwambie asiitafute kwa macho. Mwambie tu kwamba chombo hakirudi kitupu.

Hiram

*

Gilgil, 2 Agosti 1959

Mulamwa Hiram,

Nilimpa Mama kopo jana, nikamwambia ulivyosema, neno kwa neno.

Alilifungua jikoni, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango, akachungulia. Mke wangu naye akachungulia, akasema, "Mama, hamna kitu humu, nitie chumvi?" Mama alilifunga haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote. Akalipandisha kwenye rafu ya juu, pale anapoweka Biblia.

Nimemwambia tutalihitaji kopo, Miss bado anataka vumbi. Amesema nitafute jingine. Hilo limejaa.

Khaemba